Chumba cha Mama na kiyoyozi nilichonunua mara mbili

Mama alihamia kwangu Kigamboni, Dar es Salaam, mwezi wa kumi mwaka 2022, miezi minne baada ya kumzika Baba. Alitoka Njombe, ambako mwinuko unakaribia mita 2,000 na mwezi wa saba watu wanaota moto jikoni mpaka jua lipande. Alikuwa na miaka 74, na ana presha. Kumtoa mtu wa umri huo kwenye baridi aliyoizoea tangu utoto na kumleta pwani wakati joto ndiyo linaanza lilikuwa kosa langu la kwanza. Nililifanya kwa sababu sikutaka abaki peke yake kwenye ile nyumba hata wiki moja zaidi.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu na watoto ni wanne. Tukakubaliana kuongeza chumba ubavuni, mita nne kwa nne, chenye choo na bafu ndani ili Mama asihangaike usiku. Baba watoto akaongea na fundi, tofali zikashushwa, na katikati ya Januari chumba kilikuwa kimeshapigwa rangi. Kilitula zaidi kidogo ya milioni 13. Nilikipenda sana. Nilimwekea Mama dirisha kubwa la alumini, upana mita mbili na nusu, ili akikaa kitandani aone mipapai na watoto wakicheza.

Dirisha hilo lilitazama magharibi. Paa lilikuwa la mteremko mmoja, bati tupu juu ya mbao, chini yake dari ya jipsamu, na kati ya bati na dari palikuwa na nafasi ya dhiraa moja tu. Katika miezi yote ya ujenzi hatukuwahi kuulizana chumba hicho kitapoozwa vipi. Nilihesabu kiyoyozi kama pazia au kabati, kitu ambacho unakinunua baadaye mfuko ukipumua.

Wiki ya kwanza Mama hakulala. Saa sita usiku nilimkuta barazani amekaa kwenye mkeka, kanga ameilowesha maji na kujitandaza nayo mabegani. Pangaboi lilikuwa linazunguka kwa kasi yake yote kule chumbani. "Mwanangu," aliniambia, "mle ndani ni kama nimefunikwa sufuria. Ile feni inanimwagia moto." Nikaingia, nikasimama chini ya pangaboi, na ni kweli, upepo uliokuwa unashuka ulikuwa wa moto kuliko wa nje.

Kesho yake nikaenda Kariakoo nikiwa na haraka, na haraka hiyo niliilipia.

Kitu cha kwanza nilichonunua hakikuwa hata kiyoyozi. Ni lile boksi refu lenye magurudumu, unajaza maji na barafu, linapuliza hewa. Muuzaji aliliita "AC ya maji", bei shilingi 390,000, halihitaji fundi wala kutoboa ukuta. Rafiki yangu anayeishi Dodoma analo na analisifu, na hanidanganyi, maana Dodoma hewa ni kavu. Boksi lile linapooza kwa kugeuza maji kuwa mvuke, na mvuke unapata nafasi kwenye hewa kavu. Kigamboni mwezi wa kwanza hewa imeshajaa maji yenyewe, nguo unaanika jioni na asubuhi bado ina ubaridi wa unyevu. Siku ya tatu shuka za Mama zilikuwa zinanata, kitabu chake cha nyimbo kilikuwa kimepinda kurasa, na yeye jasho linamtoka zaidi kuliko mwanzo. Kama unaishi Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, usiliguse boksi hilo hata ukipewa kwa nusu bei. Ukiwa Dodoma au Singida, hilo ni jambo jingine.

Hapo nikaandika kwenye kikundi cha familia kwamba Mama anahitaji kiyoyozi cha kweli. Kaka yangu mkubwa alituma 700,000 siku hiyo hiyo, mdogo wangu aliyeko Mbeya 300,000. Kaka akaongeza neno: "Dada, chukua kikubwa, usibanie. Ni Mama huyo." Naandika maneno hayo kwa sababu ndiyo yaliyoniongoza dukani, na hayakuwa na ubaya wowote ndani yake. Ulikuwa upendo wa mtoto wa mbali. Ila kikubwa ndicho kilichotuumiza.

Ukiingia kwenye maduka yale, utasikia watu wakitaja HP: moja, moja na nusu, mbili. Hiyo ni lugha ya dukani, na kila duka linaikata linavyojua. Namba ya kuangalia ni BTU, maana inakwambia mashine inaweza kuondoa joto kiasi gani chumbani kwa saa moja. Za nyumbani huwa ni 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Muuzaji aliniuliza swali moja tu, chumba kina ukubwa gani. Nikamwambia nne kwa nne, kina joto sana, na ni cha mama yangu mgonjwa. Akanipa ya 18,000 ya kawaida, yaani isiyo ya inveta, ambayo kompresa yake (pampu inayosukuma gesi) huzima na kuwaka, kwa 1,450,000, kwa maelezo kwamba inapooza dakika tano na haichoki. Duka la pembeni walikuwa na ya mtumba kwa 450,000, ya gesi ya kupoozea iitwayo R22. Hiyo niliiacha, na nashukuru.

Nikapakia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tukavuka na pantoni. Kipande cha nje, kile chenye kompresa, kijana alikilaza ubavu ili boksi lisidondoke, nami sikujua kwamba kinatakiwa kusafiri kikiwa kimesimama ili oili ya kompresa isihame mahali pake. Kama umekutana na hali hiyo, kisimamishe na ukiache kitulie saa kadhaa kabla ya kukiwasha. Sisi tuliwasha jioni hiyo hiyo.

Fundi aliyekuja alitokana na duka. Alikuwa mwepesi, alimaliza kwa saa mbili na kuchukua 130,000. Alifunga bomba za shaba, akafungua gesi kidogo ikapuliza nje "kusafisha", akakaza, akachomeka plagi kwenye soketi iliyokuwa karibu na kitanda. Hewa ya baridi ikatoka. Mama akapiga makofi taratibu na kusema, "Sasa nimerudi nyumbani." Nililia siku hiyo, kwa furaha.

Furaha hiyo ilidumu siku nne au tano.

Usiku mashine ilikuwa inanguruma, inapooza chumba haraka kweli, kisha kompresa inazima. Dakika kadhaa baadaye inawaka tena kwa mshtuko, taa za nyumba nzima zinafifia na kurudi. Hivyo hivyo mpaka asubuhi. Mama alikuwa anaamka na baridi, anajifunika, halafu anajifunua. Cha ajabu, chumba kilikuwa cha baridi lakini kibichi. Godoro lilikuwa na ubaridi wa unyevu kama mchanga wa pwani alfajiri, na magoti yake yakaanza kumuuma vibaya. Nyuma ya ubao wa kitanda, pale ukutani chini ya kipande cha ndani, likatokea doa. Kwanza lilikuwa saizi ya sahani, rangi ya chai. Baada ya wiki mbili lilikuwa na vinywele vyeusi, na plasta ukiigusa inabonyea kama ugali uliopoa. Mama hakuniambia kuhusu doa hilo. Alikuwa amelifunika na kanga aliyoipigilia pini, kwa sababu aliona nimeshatumia hela nyingi. Nilipoliona nilikaa kitandani kwake nikashindwa kusema.

Na LUKU, umeme tunaolipia kabla, ilikuwa inakwisha kama maji kwenye tenga. Wakati huo tulikuwa kwenye tarifu ya kawaida, uniti moja 292, ukijumlisha VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) ilifika kama 356, yaani kwa elfu kumi nilipata uniti 28, ukiacha kodi ya jengo ilipokatwa. Kabla ya kiyoyozi nyumba ilikuwa inakula uniti tano kwa siku. Nikaanza kuandika namba za mita kwenye daftari la watoto kila asubuhi na jioni, na kiyoyozi peke yake kilikuwa kinakula tisa hadi kumi. Shilingi 3,400 kwa siku, zaidi ya laki moja kwa mwezi. Kama kwako kuna tatizo la umeme kuisha haraka, fanya hivyo hivyo kabla ya kumlaumu mtu: andika mita kwa siku saba, kitu kikiwa kimewaka na kikiwa kimezimwa.

Kisha ukaja usiku wa plagi. Ilikuwa saa nane usiku, mwezi wa pili. Nilisikia harufu ya plastiki inaungua, nikadhani jirani anachoma taka. Nilipofungua mlango wa Mama, pale kwenye soketi palikuwa na moshi mwembamba unapanda wima, na Mama amelala, kichwa chake hakifiki mita moja kutoka hapo. Nikakimbilia meinsiwichi. Asubuhi baba watoto aliichomoa ile plagi kwa koleo. Upande mmoja ulikuwa mweusi, umeyeyuka na kuacha umbo la kidole, pini ya shaba imebadilika rangi kuwa ya zambarau. Waya uliokuwa ndani ya ukuta ulikuwa wa milimita moja na nusu, ule wa taa. Fundi wa nyumba aliufikisha kwenye soketi kwa sababu alijua itachajiwa simu, na fundi wa kiyoyozi hakuufungua kuuangalia. Nilimrudisha Mama akalale na binti yangu, kiyoyozi tukakizima wiki tatu.

Katika wiki hizo tatu ndipo nilipompata mzee niliyetakiwa kumtafuta kabla hata ya kuchimba msingi. Ni fundi wa majokofu, alisomea chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe zamani, kichwa chote mvi. Jirani alinielekeza kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaingia chumbani na wala hakuitazama mashine. Alimsalimia Mama, akamuuliza joto linamzidi saa ngapi. Mama akasema kuanzia alasiri mpaka saa tano usiku. Mzee akasema, "Basi nitarudi saa kumi na moja jioni." Akaondoka.

Saa kumi na moja akarudi na ngazi. Akaniambia nipande, nifunge macho, niweke kiganja kwenye dari. Niliweka nikatoa mkono haraka. Jipsamu ilikuwa ya moto kama sufuria ya chai iliyoipuliwa sasa hivi. Akaniambia nishuke niguse ukuta wa mashariki. Wa kawaida. Kisha nisimame dirishani. Jua lilikuwa linaingia mpaka kwenye mto wa kulalia, na kioo chenyewe kilikuwa hakishikiki. "Mama," aliniambia mimi hivyo, kwa heshima, "hiki kiyoyozi chako hakipoozi chumba. Kinapigana na bati na hilo dirisha."

Maelezo yake nayakumbuka vizuri. Dar iko karibu na mstari wa ikweta, jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, kwenye mwezi wa kumi na tena mwanzoni mwa mwezi wa tatu, na miezi iliyo katikati haliendi mbali na utosi. Kwa hiyo mchana paa ndilo linalopigwa kuliko kuta. Bati linapata moto, linaumwaga chini kwenye dari, na dari inaendelea kuumwaga chumbani hata jua likishazama. Alasiri jua likilala, linaingia kwa dirisha la magharibi moja kwa moja, na hakuna upenu unaoweza kulizuia vizuri maana linakuja kwa chini. Chumba cha kuongeza huwa na shida kuliko nyumba yenyewe, alisema, kwa sababu paa lake ni la chini, kina kuta tatu zinazotazama nje, na mara nyingi kinajengwa upande uliobaki, na upande uliobaki watu waliuacha kwa sababu una jua.

Kuhusu unyevu akaniuliza kama maji yanatoka kwenye bomba la nje. Nikasema kidogo sana. Akatikisa kichwa. Huku kwetu pwani kiyoyozi kina kazi mbili, kutoa joto na kutoa maji hewani, na maji yanatoka polepole, mashine ikiwa inafanya kazi muda mrefu bila kusimama. Mashine kubwa kuliko chumba inafikisha baridi upesi halafu inazima kabla haijakamua maji. Feni yake inaendelea kuzunguka, na yale maji machache yaliyotua kwenye mapezi ya ndani, vile vibati vyembamba vya kupoozea, yanarudi hewani. Ndiyo maana Mama alikuwa analala kwenye baridi mbichi. Na lile doa la ukutani lilikuwa la kosa dogo kabisa: bomba la kutolea maji lilitobolewa ukutani likiwa limenyooka, likainama kidogo kurudi ndani. Lilitakiwa kushuka kuelekea nje, hata kwa kidole kimoja tu.

Nikamuuliza, basi nilitakiwa kununua kipi? Akachukua kalamu. Chumba cha mita za mraba 16, ukikadiria BTU 500 hadi 600 kwa kila mita, kinataka 8,000 hadi 9,600, na hapo dari na madirisha yawe ya kawaida. Kwa hali ya chumba changu kilivyo, yenye bati tupu na jua la jioni, ungeweka 12,000 na bado ingehangaika mchana. "Ukirekebisha paa na dirisha, 9,000 inatosha na inabaki. Usiporekebisha, utakuwa unamlipa TANESCO kila mwezi kwa ajili ya bati lako."

Haikuwa rahisi kumeza. Hela ya kaka na mdogo wangu ilikuwa imekwenda. Nilikaa siku mbili sijajibu kwenye kikundi cha familia, kisha nikaandika ukweli wote, pamoja na picha ya plagi na picha ya doa. Kaka alipiga simu. Alinyamaza kwa muda, akasema tu, "Tengenezeni paa, nitatuma tena mwisho wa mwezi." Kama una ndugu mnaochangia, waambie mapema kitu kinapokwenda kombo. Mimi nilichelewa, na Mama alichelewa kuniambia la doa kwa sababu hiyo hiyo ya kuoneana huruma.

Tulianza na paa. Kwa kuwa nafasi ya darini haimpitishi mtu, ilibidi bati zifunguliwe, itandazwe foili yenye kung'aa, ndipo bati zirudishwe, na pembeni yakaachwa matundu ya hewa yenye wavu ili joto la darini litoke. Mzee alisisitiza foili isigandane na bati, iwe na nafasi ya hewa, bila hivyo haisaidii. Kazi yote 640,000. Fundi paa aliniambia ingekuwa wakati wa ujenzi ingekuwa kama 250,000, kwa sababu ufundi wa kufungua na kufunga ndio uliokula hela. Dirisha tukalipunguza kwa tofali likabaki mita moja na robo, tukaweka kipaa kidogo cha bati kilichoshuka chini mbele yake, na tukafungua dirisha dogo upande wa kusini. 410,000. Hilo la kusini ndilo ninaloliona la maana kuliko vyote, kwa sababu kuanzia mwezi wa nne Kusi inapovuma, hewa inapita chumbani usiku kucha na kiyoyozi kinapumzika.

Kabla ya kununua tena nilipima kwa mkono wangu. Saa kumi na moja jioni nikapanda ngazi nikaweka kiganja darini. Palikuwa na uvuguvugu tu. Nikaacha mkono hapo hapo.

Umeme ukafuata. Waya wa milimita mbili na nusu peke yake kutoka kwenye boksi la breka mpaka ilipo mashine, breka yake yenyewe ya ampia 16, ethi, waya wa kwenda ardhini, ikapimwa, na hakuna plagi, imefungwa kwenye swichi ya ukutani. Shilingi 185,000. Ukikuta fundi anataka kuchomeka kiyoyozi kwenye soketi iliyopo bila kujua nyuma yake kuna waya gani, mzuie, hata kama atanuna.

Kuhusu aina, tulizungumza sana. Shemeji alishauri tununue ile ambayo kipande kimoja cha nje kinahudumia vyumba viwili, kwetu na kwa Mama. Ni nzuri mahali ambapo huna nafasi nje. Lakini kompresa ikifa, vyumba vyote viwili vinakosa, na chumba cha mgonjwa sikutaka kitegemee kitu kingine. Ya kusukuma kwa magurudumu yenye bomba nene la kutoa joto dirishani tuliiacha pia: kelele iko ndani, na hewa inayoitoa nje inavuta hewa ya moto kuingia kwa chini ya mlango. Tukabaki kwenye spliti, ile ya kipande cha ndani na cha nje, ya 9,000, ya inveta. Inveta kompresa yake haizimi na kuwaka kwa mshtuko, inapunguza mwendo na kuendelea taratibu, na huo mwendo wa taratibu ndio unaokamua maji. Kwa chumba kinachopoozwa saa nyingi kila siku, tofauti ya bei inarudi. Kwa chumba cha wageni kinachowashwa mara mbili kwa mwezi, nisingejisumbua nayo.

Gesi nayo uiulize. R22 ile ya mtumba inaondolewa taratibu chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na kwa nchi zinazoendelea kama yetu mwaka wa kuimaliza ni 2030, ila kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani. Ukinunua leo mashine ya R22, unanunua shida ya kutafuta gesi. Katika gesi za mashine mpya zaidi, R410A haidhuru ozoni lakini inapasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule, R32 ni kama mara 675. Nilichagua R32. Inaweza kushika moto kidogo, kwa hiyo inataka fundi anayeijua, si wa kujaribujaribu.

Na kwa kuwa tuko karibu na bahari, mzee alinitaka nichague ambayo mapezi ya kipande cha nje yamepakwa rangi ya kuzuia chumvi, akaniambia tusikifunge upande unaopigwa na upepo wa bahari. Tulikiweka upande wa mashariki chini ya mwarobaini, nafasi ya futi moja na nusu nyuma yake, na mbele pako wazi kabisa. Mtu wa jirani yetu alikijengea chake kibanda kizuri cha tofali ili kisiibiwe, na sasa kinavuta hewa yake yenyewe ya moto. Sisi tuliweka grili ya nondo tu.

Mashine ilinunuliwa kwa 1,050,000, ufungaji 150,000. Mzee alikuja na pampu ya kuvuta hewa, akaiunganisha kwenye bomba, ikanguruma nusu saa, kisha akazima na kutazama geji yake ya kupimia kwa robo saa nyingine kama sindano itasogea. Haikusogea. Ndipo akafungua gesi. Yule wa kwanza alikuwa amepuliza gesi kidogo tu, na hewa yenye unyevu ilibaki ndani ya bomba. Muulize fundi wako kabla hamjakubaliana bei: una pampu? Asiyekuwa nayo, mwache aende.

Usiku huo niliweka ndoo ya lita kumi chini ya bomba la maji. Asubuhi ilikuwa imepita nusu, maji meupe kabisa. Mama aliyatazama sana. "Haya yote yalikuwa hewani mle?" akauliza. Akayachukua akamwagilia mipapai. Godoro lilikuwa kavu.

Tumekizoesha nyuzi 26, na pangaboi mwendo wa kwanza. Kwa mtu wa Njombe nilidhani atataka 18. Akishakauka jasho, 26 yenye hewa kavu inamtosha, na asubuhi magoti hayamgombezi. Mita inaniambia uniti nne hivi kwa siku wakati wa Kaskazi, msimu wa joto, shilingi 1,400 kwa bei ile. Kile kikubwa tulikihamishia sebuleni, 120,000 kwa kazi na gesi, kwenye waya wake na breka yake, na huko kinafaa. Lile boksi la maji lilichukuliwa na binamu anayehamia Dodoma.

Nimejumlisha daftari langu lote: 4,525,000. Kama ningeweka foili wakati paa liko wazi, nikatazamisha dirisha kusini tangu mwanzo, na kununua mashine ile ndogo na waya wake, ingekuwa 1,635,000. Tofauti yake ni ada ya mtoto mmoja, na ni wiki tatu za Mama kulala chumba cha wajukuu.

Matunzo si mengi. Kila Jumamosi ya pili natoa vichujio, naviosha kwa maji ya bomba bila sabuni kali, vinakauka kivulini. Kila miezi minne mzee anakuja kuosha mapezi ya nje, maana chumvi yake unaweza kuilamba, na anapima gesi. Gesi haiishi kama mafuta ya gari. Fundi akikwambia kila mwaka iongezwe, kuna mahali inavuja, atafute hapo kwanza.

Mwezi uliopita mdogo wangu alihamia Tanga kikazi, naye anaongeza chumba cha mama mkwe wake. Akanipigia kuniuliza anunue kiyoyozi cha BTU ngapi. Nikamuuliza dirisha kubwa linatazama wapi. Akasema magharibi, kuna mwonekano mzuri, fundi anafunga lenta kesho. Nikamwambia akate simu ampigie fundi sasa hivi, kabla hajalala.